Oili Nzito ya Kifaru, Oili Nyepesi ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na magari kabla hawajatuachia sisi, Kifaru na Nyati walimiliki kwa pamoja gari moja la mashindano. Jekundu, lenye kelele, na magurudumu yote manne yanasukuma. Fundi wao alikuwa Mama Pimbi, mdogo kama mkate, na yeye peke yake ndiye aliyeenea chini ya gari.

Siku moja walikuwa wakijiandaa, maana kesho yake kulikuwa na mbio za kupanda mlima dhidi ya Fisi. Mshindi angechukua kisima kwa kiangazi chote. Kifaru na Nyati waliahidi kwamba kila mnyama atakunywa. Fisi alisema wadogo wakalambe umande. Mama Pimbi alikuwa na watoto sita, na aliogopa kweli kweli.

Sasa, kwa desturi ya gereji ile, mwenye gari hununua oili mwenyewe dukani, fundi anajaza tu. Kifaru akaja na mkebe wake. Nyati naye akaja na wake.

"Hii ndiyo oili!" akasema Kifaru, akachovya mwiko aliotoka nao jikoni. "Ona inavyoshuka! Nzito kama uji wa mzazi. Kizito ndicho chenye nguvu. Jaza kote!"

"Ebo! Uji ni wa tumboni," akafoka Nyati. "Yangu nyepesi, inakimbia. Gari litakimbiaje kama oili yake haikimbii? Jaza yangu kote!"

Mama Pimbi akawaeleza polepole. Difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, meno yake husagana kwa nguvu, kwa hiyo linataka oili nzito. Transfa, lile sanduku linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, ndani lina sahani nyembamba zinazobanana na kuachiana, kwa hiyo linataka nyepesi.

Wakubwa wakatazamana. Hawakuelewa hata kidogo. Hata mimi, wanangu, nilipohadithiwa niliuliza mara tatu, na sina hata baiskeli.

"Kwa hiyo yangu ndiyo sahihi?" akauliza Kifaru.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na ya huyu si sahihi?"

"Ni sahihi pia."

"Lo! Fundi gani huyu? Ukijaza tone la oili yake, nakukalia!"

"Na ukijaza tone la yake," akasema Nyati, "nakupiga pembe!"

Kichwa kikamzunguka Mama Pimbi. Akijaza nzito kote, transfa itakwama. Akijaza nyepesi kote, difu litasagika. Vyovyote vile, kisima kinakwenda kwa Fisi. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akajikuna sikio. Halafu akacheka, kikiki!

Akamvuta Kifaru pembeni. "Mzee wangu, kinachozungusha magurudumu ni difu. Humo natia yako tupu. Ya Nyati naitupa kwenye kisanduku fulani cha katikati, asije akanuna."

"Hahaa! Itupe humo humo!"

Akamfuata Nyati. "Mzee wangu, mkubwa ni yule anayegawa, na mgawaji ni transfa. Humo natia yako tupu. Ya Kifaru naificha kule nyuma kabisa."

"Mkiani? Safi! Ifiche!"

Akaingia chini ya gari. Glo, glo, glo! Mikebe ikatoka mitupu, na kila mkubwa akamkonyeza fundi.

Asubuhi, vruuum! Kona ya kwanza, kona ya pili, Fisi akala vumbi. Kisima kikawa chao.

"Oili yangu imeshinda!" akashangilia Kifaru kisimani. "Yako ilitupwa kwenye kisanduku!"

"Nani? Yako ndiyo iliyofichwa mkiani!"

Wakageuka pamoja.

"Mama Pimbi! Umetuchezea! Sema, nani alikuwa sahihi?"

"Nyote, wazee wangu."

"Haiwezekani!"

Kifaru akainua mguu kwa hasira, akakumbuka kwamba alisema mwenyewe, "Itupe humo humo." Nyati akainamisha pembe, naye akakumbuka, "Ifiche." Wakabaki hivyo hivyo, mmoja mguu juu, mwingine kichwa chini, hawajui kama wameshinda au wameshindwa. Watoto sita wa Mama Pimbi wakapita katikati ya miguu yao, wakanywa maji mpaka wakashiba.

Mwenye kiburi hutaka awe sahihi peke yake. Mwenye akili hutaka gari lifike.