Fisi Muuza Bima na Maradhi ya Bi Kalunguyeye

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa Fisi, tumbo mbele, kicheko nyuma! Sogeeni basi, na anayesinzia akasinzie kwao.

Fisi huyo aliuza bima ya safari. Ukitaka kuvuka mlima unampa kibuyu cha samli, na ukiugua njiani anakubeba mgongoni mpaka uendako. Maneno matamu hayo! Digidigi akatoa samli, akaugua tumbo njiani. Fisi akacheka, "Hiii! Juzi ulikohoa, hukusema! Bima imekufa!" Ngiri akatoa samli, akateguka mguu. "Hiii! Mwaka jana ulipiga chafya, hukusema! Bima imekufa!"

Sasa ikawa zamu ya Bi Kalunguyeye. Binti yake alikuwa karibu kujifungua ng'ambo ya mlima, uzazi wa kwanza, na mama asipofika, nani atamkanda? Na miguu ndiyo hiyo, mibovu! Akabeba kibuyu, akawaita Digidigi na Ngiri wawe mashahidi.

"Bwana Fisi, nakuja kusema maradhi yangu."

"Sema upesi!" Macho yote kwenye samli.

"Magoti yananiuma."

"Nimekubali!"

"Miguu inavimba."

"Nimekubali!"

"Nikichoka natetemeka, na nikitetemeka miiba inasimama."

"Mama wee, nimekubali yote! Lete hicho kibuyu!" Akakigugumia, glu! glu! glu!

Wakaondoka, mashahidi nyuma. Hatua chache tu, Bi Kalunguyeye akaketi chini, pu!

"Miguu imevimba, Bwana Fisi. Nibebe."

"Hiii! Huku..."

"Nilisema!"

"Na magoti je?"

"Nilisema!"

Mashahidi wakadakia, "Alisema! Alisema! Tumesikia!" Ngiri akatoa meno yake nje. Fisi akainama bila kupenda.

Mlimani bibi akachoka kung'ang'ania mgongoni. Akatetemeka. Miiba ikasimama, chwi! chwi! chwi!

"Nakufa jamani! Shuka!"

"Na hilo nilisema, baba!"

Ngiri yuko nyuma, miiba iko juu, afanyeje? Fisi akatimua mbio, puru puru puru, mpaka mlangoni kwa binti. Ndani kichanga kikalia, nga! nga! Bi Kalunguyeye machozi ya furaha yakamtoka. "Wekeni maji ya moto!" akasema, huku anakunja mikono ya nguo.

Hadithi yangu imeingia ndani kwa mzazi, mie nimebaki kizingitini. Na fundisho lake ni hili: mgonjwa usimwulize anaumwa wapi. Akikujibu, utambeba.