Kanga ya Ndani ya Bi Somoe

"Kanga kuukuu ndiyo impokeayo mtoto." Mmeisikia leo arusini, mkacheka, mkadhani bibi wa watu anasimangwa. Hasimangwi mtu. Kaeni kwanza.

Methali hii ilianza hivi. Pale Pangani aliishi Bi Somoe, ambaye ujanani alicheza lelemama mpaka watu wakapanda juu ya viti kumtazama. Umri ulipomfikia, mikono ililegea, shingo ikafanya mikunjo, na tumbo lililobeba watoto sita likashuka. Akaona haya. Kioo akakigeuzia ukutani. Akavaa madera ya mikono mirefu hata katika joto la Februari, arusini hakwenda tena, na kila nguo iliyochakaa akaigawa ili isimkumbushe. Alibakiza kanga moja tu, aliyojifunga kifuani ndani ya dera, mahali ambapo hakuna aliyeiona. Shoga yake, Bi Hadia, alimtania kwamba ngozi yake mwenyewe anaificha kama ya wizi. Hakucheka.

Siku moja binti yake Pili alijifungua hospitalini mtoto wa kiume, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Mtoto alienea viganjani. Muuguzi akaeleza kwamba kichanga yule anapoteza joto, na dawa yake ni kulazwa kifuani pa mtu, ngozi kwa ngozi. Pili mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa homa, hawezi kumshika. Mdogo wake alikuwa na kikohozi, amezuiwa mlangoni. Aliyebaki ni bibi.

Bi Somoe akatoa doti ya kanga mpya aliyoinunua kwa fahari. Muuguzi akaipapasa, akamrudishia. Ilikuwa bado na wanga wa dukani, ngumu kama karatasi. Ingemkwaruza mtoto na isingemshika. Akaomba kanga kuukuu.

 Zote Bi Somoe alikwishazigawa, isipokuwa ile aliyoivaa.

"Ninayo," alisema, akishika dera kifuani. "Lakini imepauka, imelegea. Si ya kuonwa na watu."

"Iliyolegea ndiyo ninayoitaka, mama. Ndiyo inayomkumbatia mtoto."

"Na kifua changu je? Tafuta msichana, mwanangu. Changu kimekwisha."

 Aliyejibu ni Pili, meno yakimgongana kitandani.

"Mama, mume wako anapoa."

Mnajua kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi. Ni utani wa kila nyumba. Siku ile haukumchekesha mtu. Bi Somoe alitazama nyayo za mtoto, zimeanza kugeuka rangi ya zambarau. Akavua dera mbele ya wodi nzima. Akaifungua kanga, akampokea mtoto kifuani, muuguzi akawazungushia wote wawili kanga ile ile. Ngozi aliyoionea haya ikamlaza mtoto kama godoro la sufi, pasipo mfupa wa kumchoma. Taratibu nyayo zikapata rangi yake. Mtoto akalala.

Homa ya Pili ilitulia siku ya tatu. Muda wote huo bibi hakumtua mtoto ila wakati wa kula na kuswali. Bi Hadia alipokuja kuwaona, Bi Somoe alimwambia, "Mume huyu hajaniuliza umri."

Arobaini ilipofika, alitoka uani amevaa gauni la mikono mifupi, mjukuu wake amempakata. Mgeni mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kutaka kusikika, kwamba mikono ile ni afadhali ingefunikwa. Bi Somoe alimkabidhi Pili mtoto, akainua mikono yake juu, nyama ikining'inia, akakata hatua mbili za lelemama za enzi zake. Kisha akamgeukia yule mgeni bila hasira.

"Nenda kanunue mpya, mwanangu, uone kama mtoto atalala. Kanga kuukuu ndiyo impokeayo mtoto."