Msiba Uani kwa Wamisionari

Ndugu zangu, kabla ya yote nina jambo la kukiri. Jumapili iliyopita, pale mlangoni, nilimfokea mmoja wa wamisionari wetu kwa sababu viti vya plastiki vilichelewa kufika. Nilimfokea mbele za watu, kijana wa watu, umri wa mwanangu wa tatu. Alibeba viti. Jumatano nikaenda kumwomba radhi, akacheka, akasema, "Nilishasahau, Baba." Mimi sijasahau. Ndiyo maana leo nimekuja na mfano huu, na wa kwanza kuusikiliza ni mimi mwenyewe.

Palikuwa na kijana mmoja, Mmormoni kama sisi, miaka kumi na tisa, aliyetumwa kuhubiri katika mji mmoja wa huku kwetu nyanda za juu, penye ukungu na viazi. Kwao ni ng'ambo, nchi ya theluji. Alilelewa na bibi yake, kwa kuwa mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Na maisha ya vijana hawa mnayajua. Wanaamka kabla ya jua, wanasoma maandiko, wanapiga pasi mashati meupe, wanabandika beji kifuani, wanatoka wawili wawili, wala hawaachani hata kwenda dukani kununua chumvi. Wao wenyewe huitana Mzee fulani, Mzee fulani, na akina mama wa mtaa ule walikuwa hawaishi kucheka: "Mzee gani huyu hata ndevu hana?"

Kijana yule alikuwa na swali moja kila mlango: "Tukusaidie nini?" Alikuwa tayari kulima, kuchota maji, kupaka chokaa. Na mtaa mzima ulikuwa na jibu moja: "Hamna shida." Nani atamkabidhi mgeni jembe? Mama Tunsume, muuza viazi, alimjibu hivyo kila alipopita. Kulikuwa na baba mmoja muuza mkaa, mtu wa maneno, yeye alizidi: "Kuna pombe ndani imenishinda kumaliza. Mtanisaidia hiyo?" Vijana wakacheka, wakaenda zao.

Basi Jumatatu moja, siku yao ya kufua na kuongea na nyumbani, simu ikaita mapema kuliko kawaida. Bibi amefariki. Jioni rais wa misheni, yaani mkuu wa wamisionari wote wa huku, akampigia, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ukitaka kurudi kwenu, rudi, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kubaki, baki. Nitakupigia kesho jioni unijibu."

Asubuhi kijana akavaa shati jeupe kama kawaida. Mwenzake, kijana wa Uganda, akamwambia, "Leo tupumzike."

"Nikikaa humu ndani nitapasuka. Twende kazini."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Tunsume. Alikuwa kizingitini anamenya viazi. Akamtazama usoni.

"We Mzee, mbona macho mekundu hivyo?"

Mwenzake ndiye aliyejibu. "Bibi yake amefariki jana, Mama. Yule aliyemlea."

Mama Tunsume akaacha kisu kwenye beseni. "Amefiwa? Amefiwa, na anazunguka kupiga hodi kwa watu?"

"Nimekuja kuuliza tukusaidie nini," kijana akasema.

"Hapana! Hapana, baba yangu. Rudi kwenu sasa hivi. Nisikuone kwenye mlango wa mtu leo." Akainuka, akaingia ndani haraka, akafunga mlango.

Ninyi mliozaliwa huku mmeshaelewa. Kijana hakuelewa. Kwao mtu akifiwa hujikaza akaenda kazini, watu wakamwambia pole njiani. Alichosikia yeye ni mlango. Hata leo, akasema moyoni, hata leo wananifukuza! Akarudi nyumbani, akavuta sanduku kutoka mvunguni, akaanza kukunja mashati. Jibu la kumpa rais alikuwa nalo tayari.

Alasiri hodi ikapigwa.

"Waambie waje siku nyingine," akamwambia mwenzake.

Hodi ikarudi, safari hii kwa ngumi. Mwenzake akafungua. Alikuwa Mama Tunsume, mkeka kwapani, na nyuma yake kundi la wanawake wenye kuni na masufuria, na wanaume wamebeba mabenchi, muuza mkaa akiwa mbele yao.

"Mama," yule mwenzake akasema kwa haya, "kanuni zetu haziruhusu akina mama kuingia ndani."

"Nani kakwambia msiba wa mtaa huu unakaa ndani? Mtoe mtu wetu nje."

Mtu wetu! Mmesikia neno hilo?

Wakatandika mikeka uani. Moto ukawashwa, chai ikainjikwa. Kijana wa Uganda akanong'ona kwamba kanisa haliwaruhusu kunywa chai. "Hee! Hata msibani? Haya jamani, geuzeni iwe uji," akasema Mama Tunsume. Mfiwa alisimama mlangoni hajui mikono aiweke wapi, na kwa mazoea akauliza, "Niwasaidie nini?" Mama Tunsume akamshika mkono, akamvuta mkekani. "Kazi yako leo ni kukaa."

Akakaa.

Likazuka swali: mtani wake nani? Maana msiba usio na mtani wa kuwachekesha watu umepooza. Wakabishana, kabila lake halijulikani. Muuza mkaa akainuka. "Mtani ni mimi. Mtaa huu nani kasumbuliwa naye kuliko mimi?" Akamvua kijana tai, akajivika juu ya fulana yake yenye masizi, akaanza kutembea kwa hatua ndefu kama korongo, anagonga ukuta. "Hodi! Mimi Mzee! Tukusaidie nini?"

Ua mzima ukamjibu: "Hamna shidaaa!"

Kijana akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko kilio kikamtoka, kile cha sauti, alichokuwa amekibana tangu jana. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Kilipopungua, Mama Tunsume akamuuliza, "Bibi yetu alikuwa anaitwa nani?"

"Verla."

"Tuambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Akawaambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alivyokuwa akihifadhi matunda kwenye chupa ili yaliwe wakati wa theluji. Alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, kwa sauti kubwa, bila kuona haya. Wanawake wakacheka, wengine wakapangusa machozi kwa khanga. "Bibi Vela," wakaitikia, "apumzike."

Jua lilipozama, rais akapiga simu. "Mwanangu, umeamuaje? Nikutafutie ndege?"

Kijana akatazama uani. Wanaume walikuwa wanaongeza kuni. Hakuna aliyekuwa na dalili ya kuondoka.

"Rais, niende wapi?" akasema. "Msiba uko hapa."

Ndugu zangu, katika watu wale hakuna hata mmoja aliyekuwa amebatizwa na kijana yule. Ujumbe wake hawakuupokea, lakini yeye walimpokea. Na sisi je? Sisi ujumbe tumeupokea, tena kwa furaha. Waliouleta tumewaweka wapi? Tunawajua wa kubeba viti, wa kutembelea wagonjwa wetu, wa kusikiliza shida zetu mpaka uji upoe. Wakiumwa, tunasema wana rais wao. Wakilia, nani ameshawahi kuwaona? Siku tulipobatizwa, tulipotoka ndani ya maji, tuliahidi kubebeana mizigo. Hatukusema isipokuwa ya wenye beji.

Wamisionari wetu wanakaa nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu. Kesho ni siku yao ya kufua, watakuwepo. Naombeni mtu mmoja wenu apite pale, apige hodi, akae nao.