Barua Nyuma ya Kioo

Wapendwa, leo msitegemee nitawachekesha. Na ninyi wa viti vya nyuma mnaonihesabia dakika, wekeni saa zenu mfukoni, maana nina mfano mmoja tu, na hauna raha ndani yake.

Palikuwa na mji mdogo wa stesheni, mji wa mashamba ya mkonge, uliojaa watu waliotoka mbali kutafuta kazi. Barua zilifika kwa treni, magunia kwa magunia, lakini waliojua kusoma ungewahesabu kwa vidole. Basi watu watatu, karani wa mizigo, mwalimu mmoja na fundi cherehani, wakakubaliana kwamba kila Jumamosi watakaa kwenye chumba cha nyuma ya stesheni, na mwenye barua yake aje asomewe. Hawakutoza kitu. Lakini watu wana haya ya kupokea bure, kwa hiyo mtu akishasomewa, akishalia au kucheka, alichana pembe ya bahasha yenye stempu akamwachia msomaji. "Chukua hii, angalau ina picha." Stempu zikawa zinawekwa kwenye kopo la biskuti.

Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha stempu cha mji ule. Mmesikia kilianza na nini? Kilianza na watu kusomewa habari za kwao.

Miaka ikaenda. Wale watatu wakafariki, watoto wao wakarithi kopo. Kopo likawa albamu, albamu zikajaza kabati la vioo. Wakaandika katiba, wakachonga muhuri, wakatundika kibao mlangoni. Wakajifunza kushika stempu kwa kibanio ili zisiguswe na jasho la vidole. Wakawa mabingwa wa kutaja kila nchi, kila mwaka, kila rangi. Na siku ya kusoma barua je? Ikawa mara moja kwa mwezi. Halafu ikawa kwa miadi. Halafu ikawa hakuna anayekumbuka ilikoma lini, na ungewauliza wangekuapia kwamba haijakoma.

Katibu wa chama wakati huo alikuwa mtoto wa yule karani. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, nadhifu, hajakosa mkutano hata mmoja. Ila mwaka ule alikuwa na donge moyoni. Chama kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, maonyesho yameshatangazwa, wageni watatoka mikoani, na ndani ya kabati lote hamkuwa na kitu hata kimoja ambacho miji mingine haina.

Ndipo mwezi wa sita akaja mama mmoja mjane, muuza mchicha, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Hodi, mwanangu. Hii imetoka kwa kijana wangu. Miaka tisa hajaniandikia. Nilimfukuza mimi mwenyewe, kwa hasira, na maneno niliyomwambia sitaki kuyarudia. Marehemu baba yako ndiye aliyekuwa akinisomea barua za mume wangu, nikasema nije hapa hapa."

Katibu akaipokea, akaitazama stempu, moyo ukamlipuka paa. Ilikuwa na picha ya tai, na tai yule alichapishwa kichwa chini, miguu juu. Mtambo ulikosea. Stempu za namna hiyo huchomwa moto kabla hazijatoka kiwandani. Hii ilikuwa imeponyoka, ikabandikwa, ikagongwa muhuri wa posta, ikavuka mipaka mpaka pale, na bahasha yake bado imefungwa. Kwa watu wa stempu, kitu kama hicho mtu hukiona mara moja maishani. Ukiipasua bahasha, umeiharibu.

"Mama," akasema, "hii tusiifungue kwanza."

"Kwa nini? Ina ubaya?"

"Ina heshima kubwa, mama. Tuachie mpaka maonyesho yapite, mwezi wa nane. Mji mzima utaiona barua ya mwanao. Yakiisha tu, nitakusomea mwenyewe, neno kwa neno."

Mama akasita. Lakini yeye hajui kusoma, na huyu ni mtoto wa msomaji. Angembishia kwa lipi? Akaiacha.

Mtaniuliza, hakuwa na jirani wa kumsomea? Alikuwa nao, tena wengi. Alikwenda pale kwa sababu aliamini pale ndipo nyumbani kwa barua. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi wa saba akarudi. "Nisomee mstari mmoja tu, mwanangu. Silali. Nijue tu kama bado ana hasira na mimi."

"Mama, hata kwa mstari mmoja lazima tuipasue. Vumilia kidogo, tumekaribia."

Akamtolea kiti, akamsogeza karibu na kabati, akamwonyesha bahasha yake ilivyowekwa vizuri juu ya kitambaa cheusi. Mama akaiangalia kupitia kioo kwa muda mrefu, kisha akashukuru. Akashukuru, jamani!

Maonyesho yakafana. Mama aliketishwa kiti cha mbele, kitenge kipya, soda mkononi, jina lake likatajwa kwenye kipaza sauti. Watu walipanga foleni mpaka nje kuiona bahasha ile. Mgeni rasmi akasema chama hiki ni fahari ya mji. Katibu alipopigiwa makofi alijifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Baada ya hapo viongozi walichoka, wakafunga ofisi wiki tatu wapumzike.

Siku waliyofungua, mama alikuwa mlangoni. Katibu akamkaribisha kwa tabasamu la mtu mwenye ombi.

"Mama, tumealikwa maonyesho ya taifa, mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nataka kukuomba..."

Hakumaliza. Mama aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kisu cha kukatia mchicha.

"Fungua hicho kioo."

Katibu akafungua, atafanya nini? Mama akaipasua bahasha mwenyewe, na mjumbe mmoja aliyekuwa pale akapiga yowe utadhani amekatwa yeye. Mama akatoa karatasi, akamkabidhi katibu.

"Soma. Ulisema neno kwa neno."

Katibu akasoma. "Mama, kifua changu kimeharibiwa na vumbi la mgodi. Hospitali wamesema hawana la kunifanyia. Nitapita hapo kwetu kwa treni ya mchana, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Sitaki kukuingilia nyumbani kwa nguvu baada ya yale tuliyoambiana. Simama tu pale stesheni treni inaposimama. Nikikuona, nitateremka. Nisipokuona nitaelewa, sitakulaumu, nitaendelea na treni mpaka inapoishia, na sitakusumbua tena."

Alipofika mwisho, macho yake yalirudi kwenye ile siku. Aliijua Jumamosi hiyo. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya hotuba treni ya mchana ilipopiga honi pale stesheni, jirani na ukumbi. Ilikuwa na kelele, ikabidi anyamaze, ukumbi mzima ukakaa kimya kuisubiri iondoke. Mtu mmoja akatania kwamba hata treni imekuja kuona stempu, watu wakacheka. Na yeye, katibu, alicheka.

"Rudia hapo pa siku," mama akasema.

Akarudia.

"Si ndiyo siku niliyokaa kiti cha mbele?"

"Ndiyo, mama."

Mama alinyoosha mkono. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Ile bahasha tupu akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya katibu. "Hii kaa nayo," akasema. "Ndiyo uliyokuwa unaitaka." Akabeba kikapu chake, akaenda zake stesheni kuuliza treni ile inaishia wapi.

Najua mnangoja niwaambie kijana alipatikana. Hakupatikana.

Na mnamkasirikia katibu. Naziona nyuso zenu. Haya, mkasirikieni. Mkimaliza niwaulize, sisi tulianza na nini? Waliotutangulia hapa walisali kwenye kibanda cha udongo, na mtu akija na mzigo wake walikaa naye chini mpaka autue. Leo tuna vigae. Tuna kwaya tatu na sare za kila kwaya. Tuna kamati ya jubilei yenye kamati ndogo ndani yake. Vitu vizuri, sivikatai, na wanaovishughulikia ni watu wema. Lakini mtu akitujia na jambo lililomfunga moyo, sisi tunamwangalia nini? Tunamsifia kitenge.

Mnadhani nawasema ninyi. Wiki ya jubilei yetu mama mmoja wa kwaya ya pili alinifuata nikiwa napanga viti. Akasema, "Mchungaji, nina neno, ni dakika tano tu." Nikamwambia, "Baada ya sherehe, mama." Nikamsifu kwa sauti yake, nikamwambia siku hiyo aimbe kama Jumapili iliyopita. Akaimba, na ninyi mkampigia makofi. Tangu siku ile hajaonekana. Nimekwenda kwake mara tatu, mlango una kufuli, na majirani wanasema aliondoka alfajiri na watoto wote. Neno lake lilikuwa nini? Sijui. Sitalijua. Ninapanda hapa kila Jumapili na sijui.

Na wewe unaye wako, uliyemwambia baada ya mavuno, baada ya arusi, baada ya mtihani wa watoto. Wala usijidanganye kwamba atakukumbusha. Leo wimbo wa kufunga hatuimbi. Simameni mwende kwake sasa hivi, mkamsikilize.