Ubao Juu ya Madigadi

Wapendwa, nawaona mmechoka. Na mimi nimechoka. Tangu asubuhi tumesimama na kukaa, tumesikiliza matangazo, kwaya tatu zimeimba, na jua limeshaingia dirisha la upande wa pili. Kwa hiyo sitawapa maneno mengi. Nitawapa trekta.

Msicheke. Kulikuwa na mtunza bustani mmoja wa hospitali ya misheni, huko mlimani. Wamisionari walikuwa na trekta dogo la kukatia majani, lile ambalo ukiliona kwa mbali unadhani ni la kuchezea watoto: kiti kimoja, usukani mwembamba, magurudumu ya mbele kama ya toroli. Walipoondoka kurudi kwao wakamwachia. Akaliendesha mpaka nyumbani kwake, kwenye njia ya katikati ya migomba ambayo gari halipiti. Majirani walimcheka. Trekta la kukatia majani, wakati huku majani ni chakula cha ng'ombe na watu wanayagombania kwa mundu!

Yeye alikuwa na lake moyoni. Alimwita fundi wa kuchomelea, akaweka vyuma viwili juu ya madigadi ya kushoto, na juu ya vyuma akafunga ubao wa mninga. Ubao mbaya kabisa, haukupigwa hata randa. Hapo ndipo alipokaa mkewe. Kila Jumapili walishuka hivyo kwenda kanisani, mzee ameshika usukani, mama pembeni amekalia kimto chake cha kitambaa, mkono mmoja begani kwa mumewe. Na siku nyingine alikaa mtu mwingine: mwenye mzigo, mwenye homa, mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Mzee hakumpita mtu njiani bila kumwambia, "Panda."

Mzee akafariki. Trekta likafia bandani, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti. Mama akabaki na miguu iliyokwisha nguvu, na kengele ya kanisa anayoisikia kwa mbali tu. Wanajumuiya walimtembelea mwanzoni. Mnajua wenyewe jinsi tunavyotembelea mwanzoni.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi mjini. Siku moja alikuja likizo, akaingia bandani kutafuta koleo, akaliona lile trekta. Akaweka mkono kwenye usukani, mahali pale ambapo mkono wa baba yake ulikuwa umelainisha plastiki mpaka ikang'aa. Akalia, mtu mzima, peke yake, kuku wanamtazama. Alimkumbuka baba yake kwa namna ambayo mazishi yenyewe hayakumkumbusha. Akasema moyoni, "Nitalifufua."

Na kweli alijitoa. Kila likizo alipanda mlima na mfuko wa vipuri. Alisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Alipata picha ya zamani ya trekta la aina ile lilivyokuwa jipya kiwandani, akaibandika bandani ukutani, na kila alichokifanya alikipima na ile picha. Alirudi mjini amechoka kuliko alivyokuja. Mkewe alimuuliza, "Hiyo ni likizo au ni kibarua?" Yeye akalala tu.

Ikafika siku ya kupuliza rangi. Fundi akazunguka, akasimama upande wa kushoto.

"Na hivi vyuma je?"

"Ng'oa. Kwenye picha havipo."

"Na ubao?"

"Hebu utazame, fundi. Unaharibu sura yote."

Fundi akajikuna kichwa. "Lakini mzee aliuweka mwenyewe, bosi."

"Ndiyo maana nakwambia utoe. Nataka trekta la baba liwe kama jipya, asilifanyie mtu mzaha tena."

Vyuma vikaondoka na mnunuzi wa chuma chakavu. Ubao ukaenda zizini, ukazibia pale ng'ombe walipochimba tope.

Wakati wote huo mama yuko ndani, anasikiliza. Injini inakohoa, inazima, inakohoa tena. Hakuuliza mengi. Jioni moja tu, wakati kijana ananawa mikono, alisema, "Litatembea, baba?"

"Litatembea, mama."

"Mpaka kanisani?"

"Kanisani na kurudi."

Mama akakichukua kile kimto chake, akakipangusa vumbi. Kijana hakuona kitu katika hilo. Nani kati yetu angeona? Mtu ana grisi mpaka kwenye viwiko, anawaza kabureta.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Kijana aliamka mapema, mgongo unamuuma, akalifuta trekta kwa kitambaa laini, akaliwasha. Na jamani, lilinguruma vilevile! Sauti ileile ya utotoni, ile iliyokuwa ikimwambia kwamba baba amerudi. Machozi yakamtoka. Uchovu wa likizo zote ukamwisha pale pale, akaona amefanya jambo jema, na amelimaliza.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, akishika ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Amevaa kitenge cha umoja wa akina mama, kimenyooshwa. Kwapani amebana kile kimto. Kijana akatabasamu, akangoja asifiwe. Mama hakusimama mbele kutazama rangi. Alizunguka taratibu mpaka upande wa kushoto, akanyoosha mkono, akapapasa juu ya madigadi. Mkono ukateleza kwenye rangi.

"Baba," alisema, "mimi nitakaa wapi?"

Kijana akababaika. "Mama, nilijua unakuja kulitazama."

"Kulitazama? Nimelitazama miaka yote, limejaa kuku."

"Ule ubao haukuwa wa trekta, mama. Nimelirudisha kama lilivyotoka kiwandani."

Mama akatikisa kichwa. Hakukasirika. Laiti angekasirika, ingekuwa nafuu.

"Sawa," alisema. "Lilipotoka kiwandani, mimi sikuwemo."

Akakibana tena kimto kwapani. "Nenda basi, usichelewe. Wasalimie wote." Akageuka, akaushika ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, mpaka mlango ukafungwa. Na nje pale trekta linanguruma vizuri, halina kasoro hata moja.

Najua mnataka niwaambie kwamba alikimbilia zizini akauleta ubao. Sitawaambia. Nikiwaambia mtafarijika, mtaenda kula ubwabwa.

Ndugu zangu, tuache habari za kijana. Sisi je? Sisi tuliopaka kanisa hili rangi, tukaweka vigae, tukanunua spika ambazo zinasikika mpaka sokoni? Tumefanya kazi, sikatai. Tumechoka kwa ajili ya nyumba hii na kila mtu anaona. Tunasema, "Tunaienzi imani ya wazee wetu." Lakini wazee wetu walikuwa na nini? Walikuwa na mabenchi mabovu na paa linalovuja, na hawakumpita mtu njiani. Tulipokuwa tunasafisha, tuling'oa nini? Yule bibi aliyekuwa anakaa pale karibu na nguzo, nani alimwona mwaka huu? Yule baba mwenye mikongojo, tulipojenga ngazi nzuri za mbele, alikuja akazitazama, akarudi kwake. Sisi tukaendelea na uzinduzi.

Tunampenda Baba, ndiyo. Tunatunza sauti yake, tunang'arisha vyombo vyake, tunalia tukimkumbuka. Lakini sehemu ile aliyoiongeza kwa mkono wake mwenyewe, sehemu ya mtu mwingine kukaa, hiyo ndiyo tuliyoiona mbaya.

Saa hizi, mahali fulani kijijini hapa, mtu amesikia kengele yetu. Amevaa. Ana kimto chake mapajani. Anangoja, na amechoka kuliko mimi na wewe.

Sasa tusimame kwa ajili ya maombi. Mwenye miguu mizito ashikwe mkono. Na ukikaa tena, ndugu yangu, tafadhali, sogea kidogo.