Kona ya Kamanda

Mvua zilipokaribia, mjane Milembe alikwenda kwa jirani yake tajiri, Mzee Nkwabi, kuomba maksai wa kulimia bustani yake iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu.

"Maksai wangu si wa kukopesha," alisema Mzee Nkwabi. "Tena umenikumbusha. Mbwa wangu Kamanda anafukua maua ya mke wangu. Kuanzia leo atachimba kwako."

Milembe alishika kichwa. "Bustani nzima, baba?"

"Kona moja tu. Mimi si katili."

Kamanda aliichimba kona ile mpaka udongo ukawa vumbi. Kesho yake akahamia kona nyingine.

"Baba, mbwa wako ananimaliza!" alilia Milembe.

Mzee Nkwabi alicheka, akampelekea na mbwa wa pili.

Mvua ya kwanza ilimkuta Milembe akipanda kunde kwenye udongo laini kama unga. Mzee Nkwabi alisimama uani kwake, ameduwaa.

"Nani amekulimia?"

"Maksai wako, baba, wale wanaobweka. Kesho uwalete tena, wamebakiza pale karibu na uzio. Mifupa nimeshaifukia."