Wito Bila Gunia

"Aitaye 'nitueni' haangaliwi kichwa."

Hivyo ndivyo alivyosema yule bibi leo asubuhi, alipotupa jembe na kuwapita mbio huku nyinyi mmesimama meno nje. Mlimsikia Sifaeli, mtoto wa fundi seremala, akiita kule kwenye kona ya njia ya mlimani. Mkatazama, mkaona hana gunia wala kikapu, mkadhani anafanya mzaha. Sasa mmetulia, mnaparua tangawizi, na mnataka kujua maneno yale yalitoka wapi. Haya, nitawaambia, lakini mikono isisimame. Methali hii ilizaliwa papa hapa Mrindi, na ilianza hivi.

Zamani barabara ya gari ilikuwa haijapanda mlimani. Tangawizi yote ilishushwa kwa kichwa hadi bondeni, ambako wanunuzi walingoja na malori yao. Njia ni ile ile mnayoijua, upande mmoja mlima, upande wa pili genge. Mtu akishatwikwa gunia hawezi kulitua peke yake mahali kama pale. Akijaribu, ama ataumia shingo ama gunia litaporomoka hadi mtoni. Kwa hiyo kulikuwa na wito. Aliyechoka alisimama akapaza sauti, "Nitueni!" na kila aliyesikia aliacha jembe akaenda. Kama mna ugomvi, ugomvi ulisubiri shambani. Na aliyekwisha kuushika mzigo wa mwenziwe hakuruhusiwa kuuachia mpaka uguse chini, hata inyeshe mvua ya mawe. Aliyeita kwa mzaha alitozwa debe la dengelua, na wazee waliinywa pombe hiyo mbele yake bila kumpa hata tone.

Basi alikuwapo mjane mmoja aitwaye Elinuru, mtu wa kanuni. Ukikosea zamu ya maji ya mfereji, ungemkuta mlangoni kwako kabla hujanawa uso. Mdomo wake ulikuwa mkali na goti lake la kulia lilikuwa bovu, lakini goti halikuwahi kumzuia kufika alikotaka kugomba. Masika ya mwaka ule aligombana na jirani yake Nakijwa, binti aliyeolewa juzijuzi, kwa sababu Nakijwa alifungulia maji siku isiyo yake. Tangu hapo hawakusalimiana.

Nakijwa akajifungua mtoto wa kiume. Mumewe, Togolai, alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo akabaki na mama mkwe. Badala ya kunawiri kama wazazi wengine, akaanza kufifia. Usiku halali, chakula hali, ananyonyesha huku macho yapo ukutani. Mama mkwe alisema ni uvivu. Jirani mmoja alisema karogwa, mwingine akasema hampendi mtoto wake. Elinuru aliyasikia yote kutoka upande wa pili wa ua, akajiambia hayamhusu, kwanza huyo binti amalize habari ya maji.

Siku moja ya soko, jua likiwa limeshapanda, wito ukasikika kutoka konani. "Nitueni! Jamani, nitueni!"

Watu wakatoka mashambani mbiombio. Walipofika walimkuta Nakijwa kwenye ukingo wa genge, kichwa wazi, hata ngata ya kuwekea mzigo hana. Wakatazamana. Mzee Kalage, aliyeacha migomba yake bila kuifungia miti, akapandwa na hasira.

"Umetuvurugia kazi kwa mchezo? Dengelua utaleta, mwanangu!"

Wengine wakacheka, wakarudi zao.

Elinuru alifika wa mwisho kwa sababu ya goti, akapishana nao wakicheka. Naye alitazama kichwa, akaona hakuna kitu, akafungua kinywa amkaripie. Ndipo alipoiona mikono ya yule binti. Ilikuwa juu, imeshika hewa pande mbili za kichwa kama ya mtu anayezuia gunia lisianguke. Elinuru akafumba kinywa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Nakijwa," aliuliza bila kuzungusha maneno, "unataka kujitupa?"

"Ndiyo, mama. Nimechoka." Sauti yake haikuwa na nguvu. "Nilisema niite mara moja tu, wakija nitawaambia. Wamekuja, wameangalia kichwa, wamecheka."

"Mimi sijacheka."

"Wewe huongei na mimi."

"Siongei na wewe habari ya maji. Hii ni habari ya mzigo." Elinuru akasogea taratibu, akamkamata mkono, akamvuta upande wa mlima. "Haya, nimeshika. Na mimi nikishika unanijua."

"Hauonekani, mama. Utautuaje?"

"Sijui. Lakini siachii mpaka uguse chini."

Nakijwa akamwangukia kifuani, akalia kwa mara ya kwanza tangu alipojifungua.

Mama mkwe alipomwona Elinuru akiingia na mkeka kwapani, aling'aka. "Unahamia kwangu kwa ruhusa ya nani? Ya nyumba yangu yaache humu humu, ni aibu!"

"Aibu ni kumzika," Elinuru akamjibu. "Nionyeshe visu viko wapi."

Akakusanya visu, kamba na dawa ya kunyunyizia mimea, akavifungia sandukuni nyumbani kwake, ufunguo akauvaa shingoni. Kisha akatandika mkeka wake mlangoni mwa chumba cha Nakijwa.

Kulipokucha wakaenda zahanati. Mganga akatoa vidonge vya kichwa. Elinuru akavirudisha mezani. "Kichwa hakimuumi. Hataki kuishi. Twende wapi?" Yule mganga akakiri kwamba hayo hayawezi, ila katika hospitali ya wilaya alisikia yupo muuguzi wa magonjwa ya akili. Wakashuka mlima, Elinuru akichechemea na mtoto mgongoni. Huko wakaambiwa dirisha hili, mara dirisha lile, mara warudi wiki ijayo. Elinuru akaketi sakafuni, akauziba mlango kwa miguu yake.

"Nimeshika mzigo wa mtu," aliwaambia. "Sitoki hapa mpaka nimwone huyo muuguzi."

Muuguzi, Bwana Mhina, hakushtuka wala hakuhubiri. Aliongea na Nakijwa kwa kituo. Akamwambia kwamba ugonjwa huo huwapata wazazi wengi, si uvivu wala si uchawi, na unatibika kwa dawa na mazungumzo, ili mradi asiachwe peke yake. Kisha akamgeukia Elinuru.

"Nani anakaa naye?"

"Mimi."

"Na wewe ukichoka?"

"Sichoki."

"Mama, gunia la watu wanne likishikwa na mmoja, litawaangusha wote wawili."

Elinuru hakulipenda neno hilo, kwa sababu lilikuwa la kweli. Goti lilikuwa limevimba kama boga, na alfajiri ile alikuwa amesinzia wakati Nakijwa yuko macho. Wakaanza kupanda mlima. Walipofika konani akasimama.

"Niwaambie watu?" alimuuliza Nakijwa.

Nakijwa alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Nitueni!" Elinuru akaita kwa nguvu zote. "Watu wa Mrindi, nitueni!"

Watu wakaja. Kichwa cha Elinuru kilikuwa wazi, lakini safari hii hakuna aliyecheka, maana nani angethubutu kusema kwamba Elinuru anafanyia kanuni mzaha? Mzee Kalage alitazama kichwa, akatazama genge, akatazama mkono wa mjane uliomshika binti. Akavua kofia.

"Mkitaka dengelua nitapika," Elinuru alisema. "Lakini kwanza nisikieni. Huyu aliita mbele yenu, na mzigo ulikuwapo. Huu ni ugonjwa, una dawa, na una watu wa kuutibu. Nimeushika peke yangu, umenizidi. Nani anashika?"

Wa kwanza kutoka mbele alikuwa mama mkwe, mikono imejaa unga, kwa kuwa alikimbilia wito bila kujua nani anaita.

"Nipe mtoto," alisema huku machozi yakimtoka. "Mchana wote ni wangu. Nisamehe, mwanangu."

"Na mimi nina punda," Mzee Kalage akasema chini chini. "Siku za hospitali nitawashusha mimi."

Wakagawana zamu kama wanavyogawana maji ya mfereji, na mnajua nani alizisimamia. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku Nakijwa alikataa dawa, kuna siku alirudi tena kutazama ukuta. Barua ilitumwa, Togolai akarudi nyumbani, naye akapewa zamu yake kama wengine.

Vuli ilipokwisha, Elinuru aliamka akakuta tangawizi yake haijapata maji. Akaufuata mfereji hadi juu, akamkuta Nakijwa na jembe mkononi, mtoto mgongoni.

"Leo ni zamu yangu!" Elinuru akafoka.

"Ni yangu, mama! Wewe umechanganya siku!"

Walirushiana maneno mpaka watu wakatoka majumbani. Katikati ya ugomvi Elinuru akautazama uso wa yule binti, umewaka, macho yako hai. Akakaa chini kwenye majani, akacheka hadi akalia.

"Umegusa chini," alisema. "Sasa naachia."

Akavua shingoni ule ufunguo wa sanduku la visu, akampa. Na zamu ya maji, kama mnataka kujua, ilikuwa ya Elinuru.

Tangu hapo Mrindi hakuna aliyetozwa dengelua kwa kuita, na ndipo watu walipoanza kusema maneno yale. Na yule bibi aliyewapita mbio asubuhi ndiye Nakijwa. Hivi sasa yuko na Sifaeli, amemshika mkono, na kesho wanashuka hospitali. Lakini yeye ni mzee, na gunia hilo si la mtu mmoja. Wekeni visu chini, mkanawe mikono, mwende mkachukue zamu zenu. Mkifika msimtafutie gunia. Aitaye "nitueni" haangaliwi kichwa.